Unastaafu Kazi, Hustaafu Kuugua

Ramadhani mwanangu,

Nimeamua kukuandikia kwa sababu masikio yako yameshauzoea mdomo wangu. Nikisema, unajibu "sawa, mama," halafu unatafuta ufunguo wa pikipiki. Karatasi huwezi kuijibu "sawa, mama." Utaisoma mpaka mwisho, au utaikunja uitie mfukoni ikuwashe paja mpaka uisome.

Usicheke mwandiko. Nilifika darasa la nne nikatolewa, na herufi nilizopata pale nimezitunza kuliko wewe unavyotunza soksi zako. Palipoharibika mwambie mkeo akusomee. Mwanaidi ana subira, ndiyo maana amekaa na wewe.

Sikuandikii kukwambia ufunike maji ya kunywa wala ufunge banda la kuku usiku. Una miaka hamsini, ndevu zimeingia mvi, wanao ndio wanaoniita nyanya. Kama hujajua kufunga mlango mpaka leo, basi nilikulea bure.

Kesho unaiacha Magogoni, unakwenda kukaa kwenye shamba la babako Lunga Lunga, ufuge kuku wa mayai na upande ndimu. Hoteli iliwaambia wanaotaka kustaafu mapema wajiandikishe, nawe ukajiandikisha. Sikukukataza. Uliingia hoteli hiyo ya Shanzu kijana wa kukunja mashuka, unatoka mkubwa wa dobi, na mikono yako nimeiona ilivyobabuka kwa zile dawa za kufulia. Nimekuona ukirudi jioni umeshika kiuno kama mja mzito. Mtu akichoka ana haki ya kukaa. Wala sikuulizi kiinua mgongo ni kiasi gani. Umekitolea jasho, ni chako.

Langu ni lile nililokuuliza Ijumaa, ukanijibu ovyo.

Unakumbuka. Mlikuja kula baada ya swala, wewe na nduguyo Zuhura. Ukatupangia mambo yako yote pale jamvini: mabanda, wavu, pampu ya maji, tela la kubebea trei za mayai, chanjo ya vifaranga. Ulipanga mpaka jina la mbwa. Nikangoja umeze tonge.

"Na kadi ya hospitali?"

"Kadi gani, mama?"

"Ile unayochukulia vidonge vya presha. Ile mkeo alipasuliwa nayo."

"Ah, hiyo ya hoteli. Nairudisha pamoja na yunifomu."

"Ukiirudisha, utashika ipi?"

Ukacheka. "Mama nawe! Kule hewa safi, mboga za shambani, hakuna bosi. Presha itashuka yenyewe. Na Mungu yupo. Likitokea la kutokea, si kuna grupu la familia? Tutachangishana."

Zuhura akadakia, "Uniambie mapema lakini. Usiugue kabla sijapata mshahara."

Mkacheka nyote wawili, mkaendelea na wali. Mimi niliinuka nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Sasa nikwambie kwa nini sikucheka. Wakati babako anaugua hoteli ilikuwa imekupeleka kwenye tawi lao la Malindi, unakuja mwisho wa mwezi. Mengine uliyaona. Mengine tulikuficha, yeye na mimi, kwa sababu tulikuwa na kiburi. Mimi bado ninacho.

Babako alifanya kazi kiwanda cha mafuta ya kupikia, Changamwe. Kiwanda kilikuwa na zahanati yake ndani ya geti, na chanjo zako za utotoni zote ulichomwa pale, ukapiga kelele mpaka mafundi wakatoka kutazama. Mtu akikohoa alivuka uwanja, akapewa dawa, akarudi kazini. Mke akiwa na mimba, pale. Mtoto akiharisha, pale. Tuliishi hivyo muda mrefu hata tukasahau kwamba kuna mtu analipa. Tulidhani dawa inatoka kama maji ya mvua, unatega ndoo tu.

Akatoka kwa hiari yake, na umri wake haukuwa mbali na huo wako. Alitaka kupumzika, kama wewe. Karani aliyempa karatasi zake za mwisho alimwambia, "Mzee Athumani, makato ya bima ya serikali yanakoma leo. Lakini unaweza kuendelea kulipa mwenyewe." Babako akanijia na habari hiyo kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nini. Akaniuliza, "Wasemaje, mama Zuhura?"

Nikasema hivi, na naandika vilevile nilivyosema: "Ulipie ugonjwa? Wauita uje?"

Ndivyo tulivyolelewa. Mamangu hakuruhusu hata bandeji kuwekwa kwenye nyumba isiyo na kidonda. Ukinunua dawa na huumwi, alikwambia umeshamwandalia mgeni kitanda, hawezi kukosa kuja. Babako alikuwa mtu wa amani, hakubishana. Pesa ikaenda kwenye vile vyumba viwili vya kupangisha, na mabati juu yake.

Lakini sikiliza upuuzi wetu. Mimi huyu huyu niliyekataa kulipia ugonjwa, mchango wa chama cha kuzikana sikuuchelewesha hata mwezi mmoja. Mvua inanyesha, najifunika buibui, napeleka. Tulinunua turubai, viti, majamvi, birika, na masufuria yale makubwa ambayo mtoto anaweza kujificha ndani. Kulipia maziko ya mtu hakukuwa kumwitia kifo, la, ilikuwa heshima. Kumlipia hospitali akiwa mzima ndiyo mkosi! Wala sikuwa peke yangu. Mtaa mzima tulikuwa na akili hiyo. Pita leo nyumba kwa nyumba, uulize nani amelipia sanda na nani amelipia daktari, uone.

Haya. Vyumba vilipokuwa vinajengwa, babako akakanyaga kokoto. Kidonda kidogo, dole gumba. Hakikupona. Kumbe alikuwa na sukari mwilini siku nyingi, hatukujua. Asubuhi moja akavaa shati lake la kazi, akaenda zake kiwandani, zahanati.

Getini alikuwa Mwinyi. Unamkumbuka Mwinyi, askari yule mwenye kucheka kwa pua, aliyekuwa anakunywa kahawa na babako kila alfajiri. Akamwamkia vizuri, akamwekea kiti. Kisha akasema, "Mzee Athumani, kadi."

"Mwinyi, kadi ya nini? Ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana naona haya kukuuliza."

Babako akakaa kwenye kile kiti kidogo, kwa adabu, akanywa maji aliyopewa, akarudi nyumbani. Akaniambia zahanati imefungwa. Mimi niliyajua baadaye sana, kwa mke wa Mwinyi, sokoni, mbele ya watu, nimeshika kilo ya vitunguu.

Baada ya hapo ilikuwa hospitali za kulipa. Kodi ya vyumba ikawa inapita mkononi tu, inaelekea kwenye duka la dawa. Halafu nikagundua anajipimia sindano zake za sukari mwenyewe. Leo anajichoma, kesho anaacha, ili chupa ichelewe kuisha. Nikamgombeza. Akaniambia, "Mbona najisikia sawa." Hakuwa sawa. Mguu ulikuwa unanuka, na mtu nadhifu vile, aliyekuwa akioga mara tatu kwa siku, akawa hataki tena kukaa barazani.

Nikaenda kwa chama. Wanawake walikuwa wamekaa kwa Bi Tatu, mwenyekiti wetu, Mungu amrehemu naye. Nikasema mbele yao wote kwamba nataka msaada wa matibabu, hata kama ni kukopa kwenye mchango wangu mwenyewe.

Bi Tatu akasema, "Dada yangu, sanduku ni la msiba."

"Mume wangu anaoza mguu."

"Tunamwombea. Lakini bado yu hai."

"Basi nirudi nimhimize?"

Wengine wakaguna, wengine wakaangalia chini, mmoja akashindwa akacheka, nami nikacheka naye, wallahi, nilicheka mpaka machozi yakanitoka na sikujua ni ya nini. Usidhani Bi Tatu alikuwa mbaya. Jioni ile alikuja mwenyewe na supu ya kuku aliyemchinja kwake. Lakini kanuni ile tuliiweka sote, na wakati wa kuiweka mkono wangu ulikuwa juu kama wa wenzangu.

Alipofariki, hata sijamaliza kujifunga kanga vizuri, turubai lilikuwa limeshasimama. Mchele ukashuka kwa magunia. Mbuzi wakaletwa. Nilikaa kwenye jamvi nikayasikia masufuria yakisuguliwa uani, na nilijua kila moja lilinunuliwa mwaka gani na nani alikwenda kulichagua. Watu walikula wakashiba, wakasema mashallah, Athumani kazikwa kwa heshima. Kweli kabisa. Babako alizikwa vizuri kuliko alivyotibiwa.

Sikuelezi haya unionee huruma. Nimeshajilaumu nikachoka, na dua namwombea kila swala. Nakueleza kwa sababu una miguu yake, una damu yake, presha umeshaipata, na ile akili ya kudhani geti litamjua mtu kwa sura yake unayo pia.

Na hilo grupu lako. Simu ninayo, na grupu nimo, nyote mnadhani nasoma dua za asubuhi tu. Naona. Mtu akiugua mara ya kwanza, watu wanatuma. Mara ya pili wanatuma wachache. Mara ya tatu wanatuma ile picha ya viganja vilivyokutanishwa na "Mungu amfanyie wepesi," kisha simu zinazimika betri mtaa mzima kwa wakati mmoja. Siwalaumu. Zuhura ana watoto wanne na mume anayefanya kazi akijisikia. Atatoa wapi? Na presha si mafua, Rama, haiji mara moja ikaenda zake. Vidonge unavimeza mpaka unaingia kaburini. Utawachangisha watu mpaka lini? Sisi si watu wa kupitishiwa bakuli. Watu wakikuchangia kwa mapenzi yao, pokea, sema ahsante. Lakini kupanga maisha yako juu ya mfuko wa mwenzio huko ni kumkalia mtu kichwani, na mimi sikukuzaa uwakalie watu vichwani.

Wewe unadhani mimi nasema tu. Mwezi uliopita nilitoka hapa na fimbo yangu nikaenda Mtopanga, kwenye lile duka la kompyuta, nikajiandikisha bima ya serikali. Nilimkuta binti wa bara, kucha ndefu sijui anaoshaje vyombo, heshima anayo lakini.

"Shosho, karibu, keti."

"Shosho ndiye nani? Mimi ni nyanya."

"Sawa, nyanya. Nyumba yako ina paa la nini?"

"La mabati."

"Na choo ni cha aina gani?"

"Mwanangu, choo changu kinakuhusu nini? Nimekuja kwa habari ya hospitali."

Akacheka, akanieleza kwamba wanauliza ili wajue mtu alipe kiasi gani. Nikamjibu basi, yote, mpaka kuni na makaa. Akaniuliza kama nina mifugo. Nikamwambia nina mwana mmoja anayehamia kwa kuku, na hao kuku si wangu, asiniandikie. Mashine ikatoa hesabu ya mwaka.

"Punguza kidogo," nikamwambia.

"Hii haipunguzwi, nyanya. Ni mashine imepanga."

"Hata muhogo unapunguzwa. Iambie mashine mimi ni mjane."

"Inajua tayari, nyanya. Ndiyo maana ni hiyo."

Nikalipa. Ni pesa za viazi karai ninavyouza, kila mia inanuka mafuta. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, kama niliyenunua kitu ambacho hakivaliki wala hakiliki, na ule moyo wa zamani ukanipiga, nikamsikia mamangu akisema umeshamtandikia mgeni kitanda. Nikalala na hofu. Asubuhi nikaamka mzima, nikakaanga viazi. Kumbe ugonjwa hauna habari kama umelipiwa au hukulipiwa.

Sasa yale niliyoambiwa na yule binti, na mengine nimewauliza wastaafu wenzako hapa mtaani, uyashike.

Kwanza, asiye na mshahara analipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wewe kesho huna mshahara. Una trei za mayai. Pesa ya mayai inakuja vipande vipande na inatoka vipande vipande, haitakaa ijikusanye ikungoje. Kwa hiyo bima usiipangie kwenye mayai. Itoe kwenye kiinua mgongo, sasa, kingali kizima, na usitoe ya mwaka mmoja ukajisifu. Umestaafu mapema, maana yake miaka ya kujilipia ni mingi kuliko ya mtu aliyengoja uzee. Tenga ya miaka hiyo, uiweke mahali ambapo mkono wako haufiki kirahisi. Nakujua, kuku watapata mafua, na kuku huugua kuliko watu, nawe utachukua pesa ya hospitali yako ununue dawa ya kuku. Ijumaa nilikusikia ukipanga chanjo ya vifaranga. Yako sikuisikia.

Pili, wale wa bima za kampuni, waliokuja hotelini na tai na kalamu za bure. Sisemi ni wabaya. Lakini kabla hujatia sahihi waulize habari ya ugonjwa ulionao tayari. Kuna wanaokungojesha miezi kabla hawajaulipia, na kuna wanaopandisha bei kila umri unavyopanda. Waulize vidonge vya kila mwezi vimo, au ni kulazwa tu? Na Lunga Lunga, ni wapi wanaipokea hiyo kadi? Hakuna faida ya kuwa na kadi inayojulikana Nyali peke yake, nawe uko karibu na mpaka, usiku, umeshika kifua.

Na usingoje kadi ya hoteli ife ndipo uitafute nyingine. Nyingine iwe imeshaanza kupumua. Ule upenyo wa katikati ndimo babako alimopotelea.

Mwanaidi na mwanao mdogo Swalehe uwaandikishe pamoja nawe. Nimesikia kuna wanaume wanajilipia wenyewe halafu wake zao ndio wanaougua. Usinitie aibu.

Mengine mimi siyajui na sitajifanya nayajua. Yupo yule mama wa ofisi ya wafanyakazi pale hotelini. Utakaporudi kumalizia karatasi zako, keti mbele yake uulize mpaka akuchoke. Kuulizia mwili wako si ujinga. Ujinga ni ule wa kwangu, wa kujibu kabla sijauliza.

Shamba ni zuri, mwanangu. Ndimu zitakubali ile ardhi, babako alisema hivyo siku zote na hakuwahi kupata nafasi ya kuzipanda. Nataka uzipande. Nataka uzivune, na uzichoke, uanze kunilalamikia kwamba hazina bei. Nataka uniletee malalamiko mengi, ya mzee aliyezeeka vizuri.

Kiinua mgongo kimeingia benki Jumatatu, Mwanaidi ameniambia, usimgombeze. Bima ya serikali inalipika kwa simu, yule binti alinilipia mbele ya macho yangu kabla chai yake haijapoa. Kwa hiyo hakuna cha "nitakwenda wiki ijayo, mama."

Kesho lori likija, kabla hawajapandisha hata godoro, njoo barazani na hiyo simu unionyeshe ujumbe kwamba umelipa, wewe na mkeo na mtoto. Nitavaa miwani niusome mwenyewe. Ukinionyesha, nitakushika kichwa nikuombee, uende zako kwa amani, nami nitabaki hapa na viazi vyangu.

Usiponionyesha, sitapiga kelele, majirani watalala. Nitachukua buibui langu na dawa zangu, nitapanda mbele, nitakaa katikati yako na dereva, tuvuke feri pamoja. Kutoka hapa mpaka Lunga Lunga ni mwendo, mwanangu, na unaujua mdomo wangu. Tukifika nitaomba chumba.

Mimi mamako, Mwanasha, ambaye bado anakudai utii.